Tundu Likae Wapi? Chivoti cha Wadigo na Filimbi ya Kisasa

 

Hapa mezani nina filimbi mbili. Moja ni chivoti: kipande cha mwanzi, upande mmoja umezibwa na fundo lake, kina tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole. Nyingine ni ya fedha, imejaa vibonyezo. Nimesikia ikisemwa mara nyingi kwamba hii ya fedha ndiyo chivoti kilichokwenda shule. Nalikataa neno hilo.

Kitazameni chivoti kwa karibu. Matundu yamekaa pale vidole vitatu vya mkono huu na vitatu vya mkono ule vinapoangukia vyenyewe. Ukitaka sauti iliyo kati ya tundu na tundu, unaziba nusu, au unakigeuza kidogo mdomoni. Noti nyingine hazimo kwenye mwanzi kabisa. Ziko kidoleni na kwenye pumzi.

Hii ya fedha ilipita njia nyingine. Theobald Boehm wa Munich, sonara na mpiga filimbi, alifika London mwaka 1831 akamsikia Charles Nicholson, ambaye filimbi yake ya mbao ilikuwa na matundu mapana na sauti nene. Mwaka uliofuata Boehm akaunda filimbi mpya, na mwaka 1847 akatoa ile ya bomba la metali lililonyooka, mama wa hii iliyo mezani. Yeye aliuliza sauti inataka tundu likae wapi, akalitoboa hapo hapo, hata kama kidole hakifiki, kibonyezo kitafika. Akapata sauti kubwa iliyo sawa juu hadi chini, jambo ambalo orkestra ilihitaji sana. Ila katika filimbi za kale kila noti ilikuwa na rangi yake, na rangi hizo zikasawazishwa.

Wadigo hawakuhitaji kukikuza chivoti. Panapotakiwa mlio wa kushindana na ngoma za sengenya, ipo nzumari.

Siku hizi nakutana na vivoti vya paipu ya plastiki vilivyopimwa kwa kinanda. Paipu haina kosa. Haipasuki kwa jua wala haibunguliwi. Kinachonitia uchungu ni kile kipimo, maana mtoto akizoea cha kinanda, atakisikia chivoti cha babu yake kama kibovu.

Msitu wa Kaya Kinondo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Msitu umepata kinga. Sauti ya chivoti bado.

Kwa hiyo naomba: mwenye chivoti cha zamani nyumbani, hata kilichopasuka, akilete. Tutakipima tundu kwa tundu, tutamrekodi anayejua kukipiga, na kitarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.