Kuutambua Uyoga Mgumu wa Vichakani



Anayeletewa kipande kigumu cha rangi ya kahawia, akaambiwa ni dawa iliyobanduliwa kwenye kichaka kilicho hai, ana haki ya kuuliza: hiki ni kitu gani?

Ni uyoga. Uyoga wa vichuguuni tunaoufahamu hapa Dodoma hutoka wakati wa mvua na kuoza baada ya siku chache. Huu hujishikiza ubavuni mwa shina kama kibao cha rafu, na aina nyingine hudumu miaka kadhaa, hata katika kiangazi kirefu cha uwanda wetu. Ugeuzeni mtazame chini. Hauna mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu, bali kwa kawaida vitundu vidogo mno, ambavyo pengine havionekani bila kioo cha kukuzia. Ule wa miaka mingi, ukipasuliwa wima, huonyesha matabaka ya vitundu.

Mwili wake hasa ni nyuzi zilizomo ndani ya mti, zikila ubao. Ndiyo maana mkole au mgunga huweza kuwa na majani mabichi ilhali moyo wa shina umekwisha kulainika. Kubandua kibao cha nje hakuuponyi mti.

Kuitaja aina yake ni kazi nyingine, tena ngumu. Rangi hubadilika kwa umri na jua. Mng'ao kama wa vanishi huwafanya wauzaji waseme ni Ganoderma, ule utiwao katika kahawa na vidonge vya madukani. Lakini jamii hiyo ina aina nyingi, na baadhi hazing'ai kabisa. Mtaalamu huhitaji uyoga mzima, jina la mti na mahali ulipopatikana, kisha hutazama mbegu zake kwa hadubini.

Kwa hiyo tunachokihofia zaidi ni unga. Ukishasagwa, vitundu, matabaka na mti vyote vimepotea. Limebaki neno la muuzaji. Ulizeni usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Usipooneshwa, msinunue. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza, hata kama usajili upo.

Mkiukuta uyoga huo wenyewe kichakani, upigeni picha juu, chini, na shina zima. Ukiwa kwenye ua wa minyaa, msiukate: utomvu wa mnyaa huunguza macho vibaya.