Wekundu wa Mawese Huenda Wapi?
Hotuba kwa watumiaji wa mafuta ya kula



Mkazi wa Kigoma hahitaji kuelezwa mawese ni nini. Huyatambua kwa wekundu wake, unaobaki kwenye mwiko, kwenye sufuria na hata kwenye kanga. Lakini mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani ni ya manjano hafifu. Wekundu umekwenda wapi?

Wekundu huo ni karotini, rangi iliyomo pia katika karoti. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na karotini kiasi cha miligramu 500 hadi 700. Mwili hugeuza sehemu yake kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Katika usafishaji wa kawaida, mafuta huchanganywa na udongo maalumu unaofyonza rangi, kisha hupashwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 240 za Selsiasi ili kuondoa harufu. Karotini haistahimili joto hilo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliwataka wazalishaji kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula; hivyo kiwanda hununua vitamini, ilhali chanzo chake cha asili kimekwisha kuteketezwa.

Ipo njia iliyobuniwa kuiokoa rangi hiyo: chujio la utando. Karotini imeyeyuka ndani ya mafuta kama sukari katika chai, hivyo kitambaa hakiwezi kuitenga. Utando una vitundu vidogo mno, nao huchagua molekuli kwa ukubwa. Kwa kuwa molekuli ya mafuta ni kubwa kuliko ya karotini, mafuta hugawanywa kwanza kwa methanoli, na kila molekuli hutoa vipande vitatu vidogo viitwavyo esta. Kisha mchanganyiko husukumwa kwa shinikizo. Esta, zenye uzito wa karibu nusu ya ule wa karotini, hupita. Karotini hubaki, bila kuunguzwa. Kinachopita si mafuta ya kupikia tena, bali hufaa kwa nishati au malighafi ya sabuni. Kinachobaki husafishwa zaidi, kikatumika kutia rangi vyakula au kutengeneza vidonge.

Je, hayo yanamhusu vipi mnunuzi? Yanamhusu kwa mambo manne.

Kwanza, soma lebo. Namba E160a kwenye siagi ya mimea au kinywaji humaanisha karotini. Hata hivyo, namba hiyo hujumuisha karotini ya mimea na ile iliyotengenezwa maabara. Peke yake si ushahidi kwamba rangi ni ya asili.

Pili, wekundu mkali si hakikisho la ubora. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilitangaza kukuta sokoni mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; katika mafuta, kibaya hujipaka rangi pia. Nunua kwa muuzaji unayemfahamu, na toa taarifa ukiona wekundu usio wa kawaida.

Tatu, usividhanie vidonge kuwa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 nchini Finland ulionyesha kwamba wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Hatari hiyo ilitokana na vidonge, si mboga wala mawese ya mezani. Mvutaji sigara asimeze vidonge hivyo bila ushauri wa daktari.

Nne, usiyachome mawese hadi yapauke. Ukifanya hivyo, unateketeza jikoni mwako kile kile ambacho wengine wanajenga mitambo ili wakiokoe.