Mnara wa Taa Mlangoni kwa Sultani

Kutoka Lusewa hadi baharini ni safari ndefu, na mwenyeji wa huku ana haki ya kuuliza mnara wa taa wa mji wa Unguja unamhusu nini. Unamhusu sana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikakata nchi hii ya Ruvuma mpaka Kilwa. Kutoka Kilwa shehena ilipakiwa majahazini kwenda Unguja, na ushuru wake ukaneemesha hazina ya Sultani. Fahari iliyong'aa pale ufukweni ilibebwa kwanza mabegani mwa watu wa bara.

Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Hakuwa amekaa sana kitini pale kimbunga cha 1872 kilipovunja vyombo vyake na kuilaza mikarafuu ya Unguja. Alijenga upya, safari hii akizielekea meli za moshi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869. Meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua 1872. Waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifika 1879.

Nahodha wa jahazi alikuwa na taa zake mwenyewe. Alikuja na kaskazi, akarudi na kusi, akisoma nyota, rangi ya maji na vilele vya minazi. Giza likimtia shaka, alitia nanga akangoja kuche. Meli ya moshi ilikuwa na ratiba, na kila saa ya kungoja iliteketeza makaa ya mawe. Hiyo ndiyo iliyohitaji mnara.

Mnara wa Barghash ulisimama ufukweni, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883. Ulizungushiwa safu za taa, nyingi kiasi kwamba mabaharia wa Kiingereza waliupachika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Utani huo unaficha jambo zito. Kwa kawaida mnara wa taa huwekwa penye hatari: kwenye rasi, au juu ya mwamba unaopasua meli. Huu uliwekwa mlangoni kwa mtawala. Mgeni aliyeingia bandarini usiku aliona njia, na papo hapo akaona dola ya nani anaingia.

Mahali palepale ndipo palipouponza. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akalishika kasri bila idhini ya Waingereza, waliokuwa na kauli ya mwisho Unguja wakati huo. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipopita kidogo, manowari za Admirali Harry Rawson zilifyatua mizinga. Haikufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, jumba la Beit al-Hukm likabomoka, na mnara ukatobolewa vibaya. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kisha Dar es Salaam.

Mnara haukukarabatiwa, ulibomolewa. Mwaka 1897 Beit al-Ajaib iliongezewa mnara wa saa kwenye uso wake, na kazi ya kuongoza meli ikahamia penye miamba yenyewe. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara katika kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, nao tangu 1926 ukawashwa kwa gesi. Matumbawe yanayouzunguka, yaliyokuwa tishio kwa manahodha, yamekuwa hifadhi tangu 1994.

Mnara wa saa nao ulianguka, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati. Wafanyakazi wawili walifariki. Mnara wa Barghash umebaki kwenye picha zilizopigwa baada ya mizinga kunyamaza: bado umesimama, mwili umejaa matundu, na nyuma yake pameenea kifusi cha kasri.