Kuchagua Neti ya Kivuli kwa Kitalu Nyumba



Jua la huku kando ya Ziwa Victoria ni kali, lakini nyanya haizai bila jua. Asilimia iliyoandikwa kwenye neti ya kivuli si kipimo cha ubora. Ni kiasi cha mwanga kinachozuiwa. Neti ya asilimia 80 hupitisha 20 tu: mimea hurefuka ikiwa dhaifu, na maua hupukutika. Kwa nyanya na pilipili hoho, asilimia 30 hadi 50 hutosha.

Kabla ya kulipa, soma lebo, pima upana, uliza kama neti inahimili mionzi ya jua, kisha dai risiti inayotaja asilimia hiyo. Ukiuziwa isiyo sahihi, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako.