Saa ya Mazoezi na Mtu wa Mwaloni

Mhadhara wa umma, Nansio, Ukerewe

Baadhi yenu mmevuka maji kufika hapa, kwa hiyo sitawazungusha.

Swali tulilopewa ni hili: hizi saa za mazoezi zinazohesabu hatua, kupima mapigo ya moyo na kukuambia umelala saa ngapi, zina faida ya kumtoa mtu fedha mfukoni? Jibu langu nalitoa mapema. Kwa mtu anayekaa kutwa nzima kitini, zina faida, mradi ajiwekee lengo na awepo wa kumuuliza amefikia wapi. Kwa mtu anayevuta nyavu na kubeba dagaa, faida yake ni ndogo. Na kwa wote wawili kipo kipimo kimoja kinachookoa maisha kuliko hatua zote za dunia, nacho saa nyingi haziwezi kukitoa kwa uhakika. Hicho ni presha.

Aliyevaa saa ya aina hiyo aivue aigeuze. Mgongoni ataona vitaa vidogo vya kijani vikimetameta. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu hujaa katika mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo, huongezeka. Saa inasoma kupanda na kushuka huko na kukupa idadi ya mapigo kwa dakika. Ukiwa umetulia, kazi hiyo inafanyika vizuri. Ukianza kutikisa mkono, au mkanda ukilegea, makosa yanaongezeka. Upo pia wasiwasi wa haki kabisa kuhusu ngozi nyeusi, kwa kuwa rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Utafiti mmoja wa mwaka 2020 uliozilinganisha saa kwa watu wa rangi mbalimbali haukuona tofauti kubwa katika mapigo ya moyo. Lakini Desemba mwaka huohuo madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vile vifaa vya kubana kidoleni, vinavyopima oksijeni kwa mwanga, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara karibu tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Saa yako ikikuandikia kiwango cha oksijeni, kumbuka hilo, na usikitumie kuamua kama mgonjwa wa nimonia abaki nyumbani.

Hatua zinahesabiwa kwa njia nyingine. Ndani ya saa kuna kihisi cha mwendo kinachosikiliza jinsi mkono unavyobembea. Sasa mtazame mama anayetoa beseni la dagaa mtumbwini kulipeleka kwenye vichanja. Beseni liko kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo, maji yanamchuruzika shingoni, na mchanga unamzamisha miguu kila anapokanyaga. Amefanya kazi nzito kuliko yeyote kati yetu tuliokaa ukumbini, lakini ule mkono ulioshika beseni haukubembea, na saa iliyofungwa hapo itamwandikia hatua chache mno. Kijana wake naye anaendesha bodaboda kwenye njia ya vumbi yenye mashimo. Usukani unamtikisa mikono, na saa huweza kumhesabia hatua ambazo miguu yake haikutembea. Jioni wakilinganisha, aliyekaa juu ya pikipiki ndiye atakayepongezwa. Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea mikono mitupu kwenye njia iliyosawazishwa, na maisha ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hayako hivyo.

Hata hivyo sitaki mseme profesa amekuja kubeza teknolojia. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la The Lancet Digital Health lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti zenye watu wapatao 164,000. Waliovaa vifaa hivi walitembea, kwa wastani, hatua 1,800 zaidi kila siku, na uzito wao ulipungua kama kilo moja. Kwa mtumishi wa ofisini ambaye mwendo wake wote ni kutoka mlangoni hadi kwenye meza, hatua 1,800 si haba.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe. Huko Pittsburgh, Marekani, vijana zaidi ya 400 wenye uzito mkubwa walifuatiliwa kwa miaka miwili katika mpango wa kupunguza uzito. Nusu yao walipewa kifaa cha kuvaa, nusu wakaendelea kujiandikia wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2016: wenye kifaa walipungua kilo 3.5, wasio nacho kilo 5.9. Mwaka huohuo Singapore ilitoa matokeo ya wafanyakazi 800, baadhi yao wakilipwa fedha ili watembee. Mwaka ulipokwisha, ni karibu mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa bado anavaa kifaa chake, na afya zao hazikuwa zimebadilika kwa namna ya kuonekana. Mimi nazisoma tafiti hizi pamoja na nyingine ya mwaka 2007, iliyohusu vipima hatua vya kubana kiunoni. Walioongeza mwendo walikuwa wale waliowekewa lengo. Aliyevaa bila lengo alibaki alipokuwa. Kununua si mazoezi, ndugu zangu, na nambari isiyokudai kitu huzoeleka ndani ya wiki chache.

Na lengo lenyewe si lazima liwe hatua 10,000. Idadi hiyo ilienea kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kikiwa na hizo elfu kumi kwenye jina lake la biashara. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani, wenye wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 walikufa kwa uchache kuliko waliobaki kwenye 2,700, na kwamba baada ya kama 7,500 faida haikuongezeka tena. Bibi aliyestaafu ualimu pale Bukindo asijilaumu kwa hatua elfu tano. Anajitendea haki.

Sasa niwapeleke karibu na nyumbani, kwa sababu sehemu ya elimu hii dunia imeipata Tanzania. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao hadi leo baadhi yao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliwafunga vipima mapigo vya kifuani, wakakuta wanafanya mwendo wa nguvu kwa wastani wa kama dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linamwomba mtu mzima dakika 150 kwa wiki nzima, yaani Mhadzabe anaukaribia mzigo wa wiki kabla jua halijazama. Na presha ya juu miongoni mwao ilikuwa nadra, hata kwa wazee. Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha jambo lililowashangaza wengi: watu haohao hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Tofauti ni kwamba mara nyingi hupumzika wakiwa wamechuchumaa, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi, wakati sisi tunazama kwenye sofa.

Lipo na hili la kalori. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati ambayo miili ya Wahadzabe hutumia kwa siku, kwa njia ya maabara iliyo sahihi kuliko saa yoyote. Walipozingatia ukubwa wa mwili, walikuta haizidi ile ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Mwili unajua kubana matumizi mahali pengine pale kazi inapokuwa nyingi. Kwa hiyo saa inapokwambia umeunguza kalori 600, ukaenda kujilipa kwa chipsi mayai na soda, umedanganyika mara mbili. Chuo Kikuu cha Stanford kilipima vifaa saba mwaka 2017: sita kati yake vilipatia mapigo ya moyo vizuri, lakini kwa kalori hata kile bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Ukurasa huo wa kalori msiufungue kabisa.

Wahadzabe wametufundisha pia kuhusu usingizi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya mkononi kwa siku kama 20, na katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Karibu wakati wote alikuwepo aliye macho. Nalitaja hili kwa ajili ya wavuvi wa dagaa. Ninyi mnatoka na taa wakati wa giza, mnarudi alfajiri, mnalala mchana watoto wakicheza nje, na mbalamwezi ikija ratiba yote inageuka. Saa iliyopangwa kwa mtu wa kulala saa nne usiku itawaambia kila asubuhi kwamba usingizi wenu ni mbovu. Msiipe nafasi ya kuwatia hofu. Ubovu wa usingizi wa mvuvi unaujua mvuvi mwenyewe, na dawa yake ni kupata chumba chenye giza mchana na zamu ya haki mtumbwini. Hayo ni mazungumzo kati yenu na tajiri mwenye chombo.

Na yapo mambo ya kisiwani ambayo saa haiyajui kabisa. Wilaya yetu ina kichocho kingi. Kichocho, malaria na lishe duni huleta upungufu wa damu, na mwenye upungufu wa damu moyo wake hupiga haraka hata akiwa ameketi. Saa itamwandikia kwamba mwili wake hauko fiti na kumshauri aongeze mazoezi, wakati anachohitaji ni kupimwa damu, mkojo na kinyesi. Mapigo yakiwa juu siku nyingi na umepumzika, nenda zahanati.

Sasa presha, jambo hasa lililonileta. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya NIMR hapa Mwanza na wenzao wa Uganda walipokwenda nyumba kwa nyumba, walikuta wengi wa wenye presha hawakuwa wakijua. Presha haiumi. Mtu anavuta wavu wa sangara, misuli kama kamba, kumbe mishipa inachakaa kwa miaka kutokana na chumvi, pombe, sigara, umri au urithi wa ukoo. Wodi za Hospitali ya Bugando hupokea watu waliopata kiharusi wakiwa hawajawahi hata mara moja kufungwa ule mkanda mkononi. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyasema, kwa sababu dawa zipo na kipimo ni cha dakika tano.

Saa nyingi za bei nafuu zinazotangazwa kwamba zinapima presha hukisia tu kwa mwanga. Zipo chache zenye mkanda wa kujaa hewa ndani yake, na utafiti unaendelea, lakini hizo sizo mnazouziwa vibandani. Kuhusu sukari hali ni mbaya zaidi: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akipanga insulini yake kwa nambari ya namna hiyo, anaweza kupoteza maisha.

Neno moja kuhusu siri. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha hadi njia ambazo askari walikuwa wakikimbilia kambini. Saa inajua unalala wapi na unaamka lini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwajiri akikutaka umpe takwimu za saa yako, muulize kwa sheria ipi.

Basi shauri langu ni hili. Mwalimu, karani, mwenye duka, dereva wa bodaboda: anza na simu uliyonayo, kwa kuwa simu janja nyingi huhesabu hatua bila nyongeza ya shilingi. Angalia wastani wako wa wiki moja, ongeza hatua elfu moja, na mwambie mwenzako akuulize kila Jumapili. Ukiona unaendelea miezi mitatu, nunua saa ukitaka. Mama wa dagaa na mvuvi, fedha yenu ina kazi nyingine. Bei ya saa moja ya chapa kubwa inanunua mashine kadhaa za presha za kufunga juu ya kiwiko. Kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA au BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, kinaweza kununua moja ikawahudumia watu wote wa mwalo. Ukipima, kaa kimya dakika tano, egemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila sigara wala kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili. Ikifika 140 juu au 90 chini kwa siku tofauti, nenda kituo cha afya, na ukipewa dawa usiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Wauguzi wameketi pale mlangoni na mashine tatu. Kupima ni bure. Naomba asitoke mtu ukumbini bila kuijua presha yake, akina baba mkitangulia, kwa kuwa ninyi ndio mnaokimbia kupimwa.