Subira Yavuta Heri



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya Marko, sura ya 5, twakutana na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikwenda kwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Mwinjili ataja mali na ugonjwa kwa pamoja, nasi twajua sababu. Mwili unapoumia, mfuko nao huumia. Na aliyebanwa na vyote viwili hukimbilia kwa urahisi njia ya mkato.

Njia hiyo tumeiona hapa Tanzania. Mwaka 2009 shughuli za DECI zilisimamishwa, na wengi waliokuwa “wamepanda mbegu” ya fedha wakabaki mikono mitupu. Katika mpango wa namna hiyo, anayetangulia huvuna mbegu ya anayemfuata. Aliye wa mwisho hana wa kumvunia. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Hatuwacheki, kwa maana walisukumwa na maumivu. Lakini wako walioacha dawa zao za hospitali pasipo kupimwa tena, na ugonjwa ukawarudia kwa nguvu.

Tutazame kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, nguvu hurudi, na mgonjwa huanza kujiuliza dawa ni za nini tena. Hapo ndipo penye jaribu. Akiziacha, vijidudu vilivyosalia vyaweza kuwa sugu, na tiba ikawa ndefu na ngumu zaidi, kwake na kwa atakaowaambukiza. Uvumilivu wahitajika hasa siku ile tunapojisikia tumepona.

Hata hivyo, ndugu wapenzi, subira si kuketi. Wahenga walisema subira yavuta heri. Naye avutaye hutumia nguvu. Yule mwanamke hakungoja nyumbani, bali alipenya katika umati hata akaligusa vazi la Bwana. Mtu akohoaye majuma mawili, akasema anamwachia Mungu, hajawa mvumilivu bado. Aende zahanati kesho asubuhi, kisha avumilie dawa hadi siku ya mwisho. Vivyo hivyo katika fedha: akiba ndogo ya kila juma katika chama cha kuweka na kukopa hukua polepole, lakini daftari lake laweza kusomwa na kila mwanachama.

Basi, kabla ya kuuza shamba, kabla ya kutoa akiba yote, kabla ya kuacha dawa, tulale kwanza usiku mmoja. Tusali, tuzungumze na mwenzi wa ndoa, tumwulize mwenye ujuzi. Nanyi makatekista, mnapowatembelea wagonjwa, ulizeni kwa upole kama dawa bado zanywewa. Swali hilo dogo laweza kuokoa nyumba nzima.

Bwana atujalie moyo wa mkulima, apandaye kwa wakati na kungoja mvua pasipo kuitupa jembe. Amina.