TUFANI YA BAHARINI NA WATU WA NYAMIRA
Maneno ya mazungumzo juu ya utabiri wa hali ya hewa, kwa wasikilizaji wa Nyamira

Siku ya Ijumaa, tarehe 3 Mei, 2024, Rais wa Kenya alilihutubia taifa, akatangaza kwamba shule, ambazo zilikuwa zifunguliwe Jumatatu iliyofuata, hazitafunguliwa mpaka watu watakapoarifiwa tena. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilijulikana na kila mtu, nayo ni mafuriko yaliyokuwa yameua watu na kubomoa nyumba na madaraja katika sehemu nyingi za nchi tangu mwezi wa Machi. Ya pili ilikuwa ngeni kabisa. Kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kikija kutoka bahari ya Hindi, na huenda kikaigusa pwani ya Kenya.

Si ajabu kama wazazi wa Nyamira, ambao masanduku ya watoto wao wa bweni yalikuwa yamekwisha kufungwa, waliuliza: Nyamira na bahari, wapi na wapi? Tena Hidaya hakikufika Kenya. Jumamosi, tarehe 4 Mei, kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia, nchini Tanzania, kikiwa kimekwisha kupungukiwa na nguvu. Shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Mtu aweza kusema kwamba taifa zima lilitishwa na kivuli. Neno hilo lastahili kujibiwa kwa adabu, maana swali lililo ndani yake ni jema: mtu akiambiwa kwamba jambo linakuja, nalo lisije, je, ameongopewa?

Kwanza yafaa kujua kimbunga ni kitu gani. Bahari ikipata joto kubwa, mvuke mwingi hupanda juu, na hewa ya pande zote hukimbilia mahali ule mvuke ulipotoka. Hewa hiyo haiendi moja kwa moja. Kwa sababu dunia inazunguka, nayo hupindwa, ikawa yazunguka kama maji yanayoteremka katika tundu la sinia. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, tufani hupewa jina. Ukifikia kilomita 118 huitwa kimbunga hasa. Walakini nguvu hiyo ya kupinda hewa ni dhaifu sana karibu na ikweta. Kwa hiyo ni nadra kimbunga kuzaliwa karibu na mstari huo kuliko digrii tano. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta, Unguja sita, Mafia karibu nane. Nyamira haifiki hata digrii moja, tena iko juu milimani, zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa. Kimbunga chenyewe, na jicho lake na upepo wake, hakitapanda mpaka Nyamira.

Hata hivyo, habari zake si za kupuuzwa huku bara. Mwezi wa Machi, 2018, vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, vilipita upande wa Madagascar, mbali mno na Kenya. Mabingwa waliochunguza mvua kubwa za mwaka ule waliona kwamba tufani za namna hiyo, zikikaa mashariki ya Madagascar, huweza kuivuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ikapita juu ya Ziwa Viktoria na kunyesha katika nchi za juu za magharibi. Basi mkulima wa Borabu aweza kunyeshewa na mvua iliyovutwa na tufani asiyopata kuisikia hata kwa jina.

Sasa, tufani hiyo hufuatwaje? Zamani hapakuwa na njia. Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa cha Unguja. Waya wa simu wa chini ya bahari haukufika Zanzibar mpaka mwaka 1879, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwapasha watu habari. Aliyeleta habari ya upepo alikuwa upepo wenyewe. Merikebu za Sultani Barghash ziliangamia bandarini, na mikarafuu ya Unguja iling'olewa kwa wingi mno. Pemba, iliyo karibu tu upande wa kaskazini, ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Haya yakumbukwe, maana yatarudi mbele: visiwa viwili, tufani moja, kimoja kikaangamizwa na cha pili kikawa tajiri.

Leo chombo kiitwacho setilaiti hukaa juu ya bahari ya Hindi, umbali wa kilomita kama 36,000, kikipiga picha za mawingu usiku na mchana, moja kila robo ya saa. Katika kisiwa cha Réunion pana kituo cha Wafaransa kilichopewa kazi ya kuangalia tufani zote za sehemu ya kusini-magharibi ya bahari hiyo. Mabingwa wa kituo hicho huangalia picha, wakapima joto la maji na mwendo wa hewa ya juu, kisha huzipa kompyuta hesabu hizo zote. Wala hazipigi hesabu mara moja tu. Huzirudia mara nyingi, kila mara zikibadili kidogo mambo yale ya mwanzo, maana hakuna ajuaye hali ya kila pembe ya bahari kwa ukamilifu. Mara nyingine majibu yote huelekea mahali pamoja. Mara nyingine hutawanyika kama vifaranga walioona kipanga. Yakitawanyika, ndipo mtaalamu husema "huenda". Neno hilo si woga wake. Ndilo jibu lenyewe la hesabu.

Habari hizo hupelekwa kwa idara za hali ya hewa za kila nchi: ya Tanzania, na ya Kenya yenye makao yake Dagoretti, Nairobi. Hapo ndipo shida ya pili huanza, nayo si shida ya hesabu bali ya watu.

Wenyeji wa visiwani hawakungoja setilaiti ili wajue bahari. Tangu kale wana mwaka wao wa jua unaoanzia siku ya Nairuzi, nao huugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Mzee wa Unguja au Pemba, akijua ni mwongo wa ngapi, hujua kama kaskazi imekwisha na kama kusi imekaribia, na samaki gani watakuwa wapi. Hiyo ni elimu ya haki, iliyopimwa kwa tanga na kwa roho za watu, na anayeicheka hajapata kuvuka mkondo wa Pemba kwa mashua. Lakini miongo hueleza desturi ya mwaka. Kimbunga si desturi. Mtu aweza kuzaliwa, kuvua miaka hamsini, na kuzikwa Mafia asikione hata kimoja. Basi akiambiwa na redio kwamba kesho kitafika, moyo wake humwambia kwamba baba yake hakuona jambo hilo, wala babu yake. Wengine huongeza kwamba mambo ya ghaibu ni ya Mungu peke yake, na kwamba si vizuri mwanadamu kuyataja kana kwamba ameyasoma katika kitabu.

Tena liko jambo la riziki, ambalo watu wa mjini hulisahau upesi. Mvuvi asiyeshuka baharini leo hana cha kuuza leo. Onyo lisilotimia limemgharimu kitu. Yeye ndiye aliyelilipia, si mtangazaji.

Na maonyo yasiyotimia yamekuwapo. Mwezi wa Aprili, 2019, watu wa Mtwara walitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, shule zikafungwa na watu wakahimizwa kwenda mahali pa salama. Kenneth kikapinda kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili, baada ya kupita kando ya Ngazija. Mtwara palikuwa salama. Mwezi wa Aprili, 2021, kikaja Jobo, kikielekea Dar es Salaam na visiwa vya karibu. Kikafifia njiani, na kilipofika pwani hakikuwa na nguvu ya kutajwa. Mtu aliyekaa Mtwara mwaka 2019 na Dar es Salaam mwaka 2021 angeweza kusema kwamba ametishwa mara mbili bure. Lakini na aulizwe mtu wa Cabo Delgado kama Kenneth kilikuwa kivuli. Mpaka wa Msumbiji hauko mbali na mji wa Mtwara. Ni kama habari ya Unguja na Pemba mwaka 1872: tufani ni moja, na aliyeokoka si kwamba alidanganywa, ila njia haikupita mlangoni pake.

Ilipofika zamu ya Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilianza kutoa habari mwanzoni mwa Mei, kila mara ikieleza tufani iko umbali gani na inaelekea wapi. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kilipofika Mafia kilikuwa kimepungua, lakini mvua zake ziliifurikia pwani ya Kilwa na Lindi, hata barabara kuu iendayo kusini ikakatika sehemu za Somanga. Kabla mwezi haujaisha ikaja tufani nyingine, Ialy, ikapita karibu na pwani ya Kenya na kuvumisha upepo mkali.

Kuna neno moja ambalo limeleta fitina katika jambo hili, nalo ni neno utabiri. Kwa Kiswahili mwenye kufasiri ndoto hutabiri, nabii hutabiri, na ofisa wa hali ya hewa naye hutabiri. Abagusii wana habari za Sakagwa, ambaye wazee husimulia kwamba aliona mbele kuja kwa wageni na mahali utakapojengwa mji wa Kisii. Mtu wa namna hiyo akisema, hupimwa kwa kutimia au kutotimia. Ofisa wa Dagoretti akiwekwa katika kiti cha Sakagwa ataanguka siku ya kwanza, maana kiti hicho si chake. Kazi yake yafanana na ya kijana mwingine kabisa. Katika zama za ebisarate, kabla kambi hizo za ng'ombe hazijavunjwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, vijana walilinda mifugo mpakani. Aliyeona vumbi upande wa pili alipiga yowe. Kama wanyang'anyi waliona mikuki imekwisha kusimama wakageuka, au kama lilikuwa kundi la nyati, ingekuwa haki gani kumpiga kijana yule kwa kusema uongo? Swali ni kama vumbi lilikuwapo.

Wasikilizaji wa Nyamira wana shida yao wenyewe, na ajabu ni kwamba shida hiyo ni ngumu kutabiri kuliko kimbunga. Nayo ni mvua ya mawe. Katika mashamba ya chai ya Kericho, majirani wa Nyamira, siku za mvua ya mawe zimewahi kuhesabiwa kuwa zaidi ya 100 kwa mwaka, na ni sehemu chache za dunia ziwezazo kushindana nazo. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu hata kuyapiga mawingu kwa roketi na kuyanyunyizia dawa kwa ndege. Kimbunga huonekana siku nne au tano kabla hakijafika. Wingu la mawe huzaliwa saa saba mchana, pale upepo wa ziwani unapokutana na upepo wa mashariki juu ya vilima, na kabla ya magharibi limekwisha kufa, likiwa limelichanachana shamba moja la chai na kuliacha la jirani likiwa kijani. Hakuna hesabu iwezayo kutaja shamba. Ofisa akitangaza kwamba alasiri pana hatari ya mvua ya radi na mawe katika nchi za juu magharibi ya Bonde la Ufa, amesema yote ajuayo, na aliyesalia na jua hana neno juu yake.

Baada ya tangazo hilo, kazi iliyobaki ni ya macho na masikio ya mchuma chai mwenyewe, naye anayo njia rahisi, maana katika nchi ya Kisii na Nyamira radi huua watu. Akiona umeme na aanze kuhesabu polepole, moja, mbili, tatu, mpaka asikie ngurumo. Kila hesabu ya tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya hesabu ya 30, wingu liko ndani ya kilomita 10, na wakati wa kutua kikapu umefika. Asikimbilie chini ya mti, wala chini ya banda lisilo na kuta, bali nyumba yenye kuta nne. Na akiisha kuingia akae humo mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limekwisha kutoka na msimamizi anaita.